Ngozi ya Ndama na Kanzu ya Mtoto

Wametusimulia waliotutangulia, nao walipokea kwa waliowatangulia wao, Mola awarehemu wote, ya kwamba katika nchi ya mabonde makavu, huko ambako watu waliishi kwa ngamia na visima, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Harzani. Katika mji huo aliishi mwanachuoni mmoja, mtu wa ibada na wa maneno mazuri, jina lake Sheikh Wadhahi bin Numani. Watu wa Harzani walimpenda kwa mambo mengi, lakini zaidi kwa ulimi wake. Alikuwa akilishika jambo gumu akalilainisha, hata mchunga ngamia akatoka msikitini akidhani naye amekuwa mwanachuoni. Hiyo ni neema, ndugu zangu, na ni mtihani pia. Mtu akisifiwa sana kwa kujibu, hufika siku akasahau kwamba kuna neno linaitwa sijui.

Darasa lake lilikuwa uani mwa msikiti, baada ya sala ya alfajiri, jua likiwa bado halijaanza ukali wake. Ukuta wa ua ulikuwa mfupi, unamfika mtu kifuani, na nyuma yake palikuwa na zizi la bwana mmoja aitwaye Suhaimu, muuza maziwa. Basi asubuhi moja alinyanyuka mwanafunzi mmoja, Miqdamu, mtu mwenye ndevu zake na watoto wake, ambaye alikuwa na maradhi ya kuuliza maswali ambayo wenzake hawakuyafikiria. Akasema kwa adabu:

"Sheikh wetu, Mola akuzidishie. Ni kitu gani hasa kinachomtenga binadamu na mnyama? Mnyama anakula, nasi tunakula. Anazaa, nasi tunazaa. Akipigwa analia, nasi tukipigwa tunalia."

Sheikh hakufikiri hata kidogo. "Ni huruma, Miqdamu. Huruma, na kulijua jema na baya. Mnyama ana njaa yake na hofu yake, basi. Hayo unayoyaona kwake ukadhani ni mapenzi, ni pua tu. Mnataka ushahidi? Simameni mtazame ng'ambo ya ukuta."

Wakasimama, wakatazama. Zizini palikuwa na ngamia jike aliyefiwa na ndama wake siku chache nyuma. Sasa mjue kwamba ngamia akifiwa huyazuia maziwa yake, akawa hakamiki, na wafugaji wa nchi ile walikuwa na dawa yao. Walimchuna yule ndama aliyekufa, wakaijaza ngozi majani makavu, wakaishona, wakamsimamishia mama yake mbele ya pua. Mama akinusa harufu ya mwanawe hulegea, maziwa yakashuka, na mkamaji akaweka chungu chake. Ndivyo alivyofanya Suhaimu. Ngamia alikuwa ameinamisha shingo yake ndefu, anailamba ile ngozi taratibu kichwani, kama ambavyo angemlamba ndama aliye hai, na Suhaimu yuko chini anakama huku akiimba.

"Mmeona?" akasema Sheikh. "Anayapenda majani makavu. Mwanadamu hadanganyiki hivyo, kwa sababu huruma yake imo akilini, haimo puani."

Wanafunzi wakacheka. Hata mimi ningekuwepo ningecheka, maana inasemekana ngozi yenyewe ilishonwa vibaya, mguu mmoja umechomoza upande na kichwa kimelala kama cha mlevi. Hakuna aliyetazama pembeni mwa zizi, ambako alifungwa ndama mwingine, huyu mzima anayepumua, yatima wa ngamia mwingine aliyekufa na ukame. Suhaimu alimfunga mbali makusudi na kumlisha kwa mkono, kidogo kidogo, kwa kuwa alitaka maziwa yaende sokoni. Yule ndama alikuwa akiivuta kamba yake akiielekea harufu ya maziwa, na kamba ikimrudisha.

Darasa likaisha, watu wakaenda makazini mwao wakilisifu jibu la Sheikh. Kabla ya adhuhuri jibu hilo lilikuwa limeshaenea mjini, kisimani na sokoni, mpaka kwa akina mama wanaotwanga.

Sheikh Wadhahi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Lubaba. Alikuwa ameolewa na mtu mwema aitwaye Harithi, na Harithi aliuawa katika ugomvi wa malisho na watu wa kabila la Banu Khidashi. Ilikuwa vurumai, mikuki ikiruka huku na huku, na hakuna aliyejua ni mkono wa nani uliomuua. Lubaba wakati huo alikuwa na mimba pevu. Akajifungua mtoto wa kiume, mji mzima ukafurahi, watu wakasema Harithi amerudi. Kisha mtoto akashikwa na homa, na haikumwachia. Akazikwa ubavuni mwa baba yake.

Tangu siku hiyo Lubaba alilala ameuelekea ukuta. Hakukufuru, hakuchana nguo, hakupiga kelele. Wakati wa sala ukifika aliamka akatawadha, akasali, akarudi kuuelekea ukuta. Lakini mwili una mambo yake. Maziwa ya yule mtoto yalikuwa bado yamo, yamejaa yanamuuma, na kila yalipomuuma yalimkumbusha. Baba yake alikuwa akipita mlangoni akimwona mgongo tu, na ulimi wake wote ule uliosifiwa haukuwa na neno la kumpa.

Siku ileile ya darasa la ngamia, kulikuwa na maiti mjini. Mwanamke mgeni, aliyepotezana na watu wake katika ukame, alikuwa amefika kisimani juu ya punda, mgonjwa, na mtoto mchanga kifuani. Mkunga wa mji, bibi mmoja mzee aitwaye Bi Ghaliya, alimchukua nyumbani kwake akamuuguza. Mgonjwa alipoona roho yake inaaga, alimwambia mkunga jina lake na la watu wake, ili asizikwe kama mtu asiye na asili. Alikuwa wa Banu Khidashi. Alfajiri akafariki, na mtoto akabaki.

Bi Ghaliya hakuwa mtu wa kukaa na kusikitika. Alimfunika marehemu, akambeba mtoto, akazunguka nyumba za wanaonyonyesha. Hakuwaficha, kwa sababu unyonyeshaji una hukumu zake na hakutaka dhambi. Nyumba ya kwanza mwenyewe alinyoosha mikono, lakini aliposikia jina la kabila akaikunja.

"Bi Ghaliya, nisamehe," akasema. "Nikimpa ziwa huyu anakuwa ndugu wa wanangu. Kesho wanaume wakienda kudai damu ya Harithi, wanangu watamwinulia nani upanga? Ndugu yao?"

Nyumba ya pili walisema mume amesafiri na hawawezi kuamua bila yeye. Nyumba nyingine mama alisema maziwa yake ni machache, na mwanawe pale mkekani alikuwa mnene kama mtungi. Mwingine alisema haitakuwa vizuri kwa Lubaba, aliyefiwa, kusikia kwamba jirani yake anamlea mtoto wa waliomuua mumewe. Hawakuwa wanawake wabaya, ndugu zangu, msiwahukumu haraka. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zenyewe zilikuwa na sura nzuri tu. Ila mtoto hali sababu.

Mkunga akajaribu maziwa ya mbuzi, akayatia maji, akayachovya kwa kitambaa. Mtoto akayatapika. Akajaribu ya ngamia wa Suhaimu. Hayo nayo akayatapika, na kilio chake kikaanza kupungua nguvu. Mkunga alivijua vilio vya watoto, na hicho hakukipenda.

Adhuhuri walimzika yule mgeni. Sheikh ndiye aliyemsalia, na kwa kuwa ndiye aliyemsalia, aliambiwa jina lake na la watu wake. Watu walipotawanyika, Bi Ghaliya alimfuata njiani, mtoto yuko mgongoni.

"Sheikh, huyu hafiki kesho asubuhi."

"Umewaomba wote?"

"Wote, isipokuwa mmoja."

Sheikh akasimama. Alijua ni nani huyo mmoja. "Haiwezekani, Bi Ghaliya. Hata mimi baba yake siwezi kumwomba jambo hilo."

"Sikwambii umwombe. Nakwambia unyamaze." Akateremsha sauti. "Nilipomwosha mjukuu wako kwa ajili ya kaburi, kanzu yake nilibaki nayo. Nilishindwa kuifua, Sheikh, nisamehe, ina harufu yake mpaka leo. Nitamvisha huyu. Nitamwambia Lubaba ni yatima wa msafara. Yeye mwenyewe amelala anaumwa na maziwa, atanusa ile kanzu, atamchukua. Akishamnyonyesha, ameshampenda. Mambo ya kabila tutayasema baadaye, au tusiyaseme kabisa. Si wewe mwenyewe uliyewafundisha leo? Mji mzima umesikia habari ya ngozi."

Sheikh Wadhahi aliinamisha kichwa. Alijua kwamba wanavyuoni wameacha mlango kwa mwenye kuficha neno ili aokoe roho, na mlango huo aliujua vizuri, alikuwa akiwaonyesha wengine. Akanyamaza. Bi Ghaliya akakuhesabu kunyamaza kule kuwa ni ridhaa, na kusema kweli ilikuwa ni ridhaa.

Wakaingia nyumbani wakati wa alasiri. Lubaba alikuwa ameuelekea ukuta kama kawaida. Bi Ghaliya akaketi nyuma yake kwenye mkeka, akamlaza mtoto akiwa ndani ya ile kanzu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, maana wakunga ni watu wa moyo mgumu inapobidi:

"Mwanangu, nimekuletea yatima. Msafara umepita, mama yake amekufa, wenyewe wameendelea na safari. Mtazame tu, sikulazimishi."

Lubaba hakugeuka. Kisha wakamwona anainua kichwa kidogo. Akavuta pumzi. Akageuka polepole, macho yakiwa hayajafunguka vizuri, akanyoosha mkono akaishika ile kanzu, akaileta puani, na uso wake wote ukalegea. Ulikuwa uso wa mtu aliyerudishiwa kitu. Akaanza kumpapasa mtoto kichwani taratibu, kwa kiganja, tena na tena.

Sheikh alikuwa amesimama mlangoni. Neno lilikuwa limekwisha, mambo yalikuwa yanakwenda sawasawa, kilichotakiwa kwake ni kukaa kimya kidogo tu mpaka mtoto ashike titi. Lakini uso ule alikuwa ameshauona. Aliuona asubuhi, ng'ambo ya ukuta, akawachekesha watu nao. Alijua kwamba akisema, huenda mtoto akafa, na damu yake ikawa juu yake. Na alijua kwamba asiposema, atakuwa amemfanya binti yake kuwa mnyama wa kukamwa.

"Lubaba," akasema. "Subiri, mwanangu."

Bi Ghaliya akamkazia macho. Sheikh hakumtazama.

"Huyu si mtoto wa msafara. Mama yake nimemzika mimi mchana huu. Ni wa Banu Khidashi. Kanzu hiyo ni ya mwanao, tumemvisha ili umnyonyeshe bila kujua, na mimi nilikubali. Hakuna mwingine mjini aliyekubali kumpa ziwa, na maziwa ya mbuzi na ya ngamia anayatapika. Bila wewe atakufa. Na kuna jambo jingine ni lazima ulijue, kwa sababu ni hukumu na haifichiki. Maziwa hayo umeyapata kwa Harithi. Ukimlea huyu kwa maziwa hayo, hatakuwa mwanao peke yako. Atakuwa mwana wa Harithi."

Mkono wa Lubaba ukasimama juu ya kichwa cha mtoto. Kisha akauondoa.

"Ni baba yake aliyemuua Harithi?"

"Sijui. Huenda ndiye, huenda siye. Hakuna anayejua."

Akageuka, akauelekea ukuta.

"Umemuua, Sheikh!" Bi Ghaliya akapaza sauti, machozi yakimtoka. "Kwa ulimi wako huo mzuri umemuua! Ungengoja kidogo tu! Mola alikupa nini kifuani, jiwe?"

Sheikh aliketi chini pale mlangoni, mgongo kwenye mwimo wa mlango. Tunaambiwa kwamba maneno mengi yalimjia, habari za malipo ya mwenye kusamehe na daraja ya mwenye kulea yatima, aya na mawaidha ambayo alikuwa akiwapa watu kila Ijumaa, na yote aliyazuia. Aliona kwamba akimhubiria sasa atakuwa anamshonea ngozi nyingine. Akaketi tu, midomo ikimtetema kwa dua, na kusubiri kule kulikuwa kugumu kwake kuliko kufunga mwezi mzima wa kiangazi.

Mtoto akalia. Kilikuwa kilio kidogo, kikavu, kisicho na tamaa tena. Kikakatika, kikarudi.

Lubaba akashtuka. Akajishika kifua. Sheikh na mkunga waliona mgongo wake ukikakamaa, kisha wakamsikia akicheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake.

"Yametoka yenyewe," akasema, akiwa bado anatazama ukuta. "Amelia, nayo yametoka. Nguo yote imelowa. Mwili wangu haukuniuliza mimi ni wa kabila gani."

Nje akasikika mtu akipita na mbuzi wake. Kisha Lubaba akaamka, akaketi, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alimtazama mtoto kwa muda, safari hii macho yamefunguka.

"Bi Ghaliya, mvue hiyo kanzu."

"Mwanangu, nakuomba kwa Mola wako…"

"Mvue. Ni ya mwanangu, na mwanangu amekufa. Sitaki kudanganywa, na sitaki kujidanganya. Alikuja na nguo gani?"

Mkunga akatoa kitambaa chakavu cha rangi ya nili, ile rangi ambayo Banu Khidashi walijulikana kwayo hata kwa mbali. Ndiyo rangi ambayo Lubaba aliambiwa wauaji waliivaa, siku waliyomleta Harithi juu ya mabega ya watu. Akaikunja kanzu ya mwanawe vizuri, akaiweka kando. Akachukua kile kitambaa cha nili, akamviringishia mtoto yeye mwenyewe, hakuruka hata pembe moja.

"Mama yake alimwitaje?"

"Alimwita Salamu," akasema Bi Ghaliya.

"Basi, Salamu," akasema Lubaba, "njoo," na akamweka kifuani.

Mtoto hakujua kwamba ameombewa ziwa nyumba kwa nyumba. Alishika titi kwa nguvu zake zote zilizobaki, na Lubaba akaanza kulia kwa sauti, kilio chote ambacho hakukilia tangu mazikoni. Bi Ghaliya alitoka nje akakaa kwenye vumbi. Sheikh Wadhahi alisujudu palepale mlangoni.

Jioni, kabla ya magharibi, alikuja kaka wa Harithi, bwana mmoja aitwaye Nufaili, upanga ubavuni, kwa kuwa habari zilikuwa zimemfikia. Alisimama mlangoni na hasira zake, hakutaka hata kurudisha salamu. Lubaba akasema kutoka nyuma ya pazia: "Karibu, shemeji. Njoo umwone mtoto wa ndugu yako." Inasemekana Nufaili alibaki amesimama pale mpaka adhana ikasomwa. Kisha akaufungua ule upanga, akauegemeza nje ya mlango, akaingia. Hatukuambiwa alisema nini ndani. Tunajua tu kwamba kisasi kile hakikudaiwa tena, na mtoto alipokua alimwita ami.

Kesho yake, baada ya alfajiri, Sheikh aliketi mbele ya wanafunzi wake. Akasema: "Jana niliulizwa swali nikalijibu bila kufikiri. Nilisema mnyama hana huruma. Nimekosea, na ninakiri kosa langu mbele yenu kama nilivyolifanya mbele yenu." Akawasimulia yote, ya nyumba kwa nyumba, ya kanzu, na ya kunyamaza kwake, hakujipunguzia hata kidogo. Wengine waliona haya kwa niaba yake, wakainamisha macho.

Miqdamu, na ndiye yeye tena, akauliza: "Basi, Sheikh wetu, kinachotutenga ni nini?"

"Ngamia alihitaji ngozi ndipo arehemu," akasema Sheikh. "Binti yangu aliivua ngozi, akarehemu. Hicho ndicho."

Jibu hilo liliwafurahisha zaidi kuliko la kwanza. Lilikuwa zuri mno. Waliokuwa na mbao za kuandikia wakaliandika, na wasiokuwa nazo wakalirudia midomoni ili lisiwapotee. Sheikh mwenyewe, Mola amsamehe, alionekana kuridhika nalo kidogo.

Basi wakiwa katika hali hiyo, Suhaimu muuza maziwa akatokeza kichwa juu ya ukuta, kilemba kimekaa upande.

"Sheikh, nisaidie, nimefilisika! Mbuzi wangu wamevunja ua usiku wameingia zizini, wameila ile ngozi! Wametoa majani yote ndani, wameyatafuna, kimebaki kipande cha sikio."

"Pole, Suhaimu. Na ngamia amezuia maziwa?"

"Laiti angezuia! Yule ndama yatima amekata kamba. Nimekuja asubuhi nimemkuta ananyonya. Ananyonya, Sheikh, na yule mama amesimama ametulia, anamlamba kichwa! Hana harufu ya mwanawe hata chembe, si ndugu yake wala si wa ukoo wake. Nimemvuta, ngamia amenitolea meno. Sasa mimi nitauza nini?"

Wote wakasimama wakatazama ng'ambo ya ukuta. Ilikuwa kama alivyosema. Ndama alikuwa amejibana chini ya yule ngamia, mkia unacheza, povu la maziwa limemjaa mdomoni, na kipande cha kamba kinaning'inia shingoni.

Sheikh Wadhahi alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, akacheka kama ambavyo hawajapata kumwona tangu binti yake afiwe. Akawageukia wanafunzi.

"Futeni," akasema.

"Tufute lipi, Sheikh?"

"Lile mlilolisifu. Futeni lote."

Miqdamu akabaki na ubao wake mkononi. "Sasa tuandike nini?"

Sheikh akamtazama tena ngamia, na ndama, na Suhaimu aliyekuwa akilalamika peke yake.

"Sijui," akasema. Na hilo ndilo neno ambalo wanafunzi wake walikuwa hawajawahi kulisikia kinywani mwake. "Sijui kinachotutenga nao. Ninalolijua ni dogo. Ngamia akikataa kumnyonyesha mtoto wa mwenziwe, hukataa tu, hatoi sababu. Sisi jana tulikataa nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ilitoa sababu nzuri. Rehema tumepewa pamoja nao. Sababu ni zetu peke yetu, na kesho mbele ya Mola hakuna mnyama atakayeulizwa juu ya sababu hizo."

Wapokezi wa kisa hiki wanasema kwamba kuanzia hapo, mtu akija kwa Sheikh na mjadala wa ubora wa binadamu juu ya viumbe wengine, alimwacha aseme mpaka amalize, kisha alimuuliza kwa upole kama mtaani kwake kuna mtoto aliyelala na njaa. Wengi waliona kwamba hilo si jibu. Wengine walinyanyuka wakaenda kutazama.

Nami ninayewasimulia sina la kuongeza, ila hili moja. Mimi na nyinyi tunazo sababu zetu, tumezikunja vizuri kama nguo za Idi, na zote zina sura nzuri. Leo tukifika nyumbani, kila mmoja wetu na aichukue moja, aikunjue, atazame ni nani aliyekuwa akilia wakati tulipoishona. Mola Mwenye kurehemu atulainishe nyoyo kabla ya hesabu, na asitufanye tukaonewa haya na mnyama wa zizini. Amina.